Siku Moja Nikiwahesabu Kima Punju wa Jozani

Saa 11:30 alfajiri natoka nyumbani na kipande cha muhogo mfukoni, darubini shingoni na daftari nimelificha ndani ya shati lisirowe. Wengi kijijini hudhani kazi yangu ni kutembea katika msitu wa Jozani, Unguja, nikitazama wanyama, na shemeji yangu huniuliza kila Idi kama kweli ninalipwa kwa hilo. Ninalipwa, ingawa si kiasi cha kumtia wivu.

Njia ni ileile kila siku: naanza penye mitondoo mikubwa, ambako maji husimama baada ya masika, napita vichaka vya maweni, kisha namalizia mashambani, ng'ambo ya barabara ya lami. Kufikia saa 2:00 nimekwisha kuandika kima wa kawaida, vinyonga wawili na nyayo za paa ambazo siwezi kuapa kuwa ni za paa nunga, yule paa mdogo adimu.

Saa 3:00 nalikuta kundi ninalolifuatilia. Kima punju hawapatikani kiasili popote isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani, ukiwatoa wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970, na kuwahesabu si kuelekeza kidole na kutaja namba. Nasubiri wavuke uwazi kati ya miti miwili, mmoja baada ya mwingine, huku nikitazama tumbo la kila jike, kwa maana kitoto kilichokumbatia hapo hakionekani kwa mtu mwenye haraka.

Nilikuwa nimefika wa 27 aliposogea mgeni mmoja, ndizi mkononi, amemwacha kiongozi wake nyuma.

"Bwana, nakuomba uirudishe ndizi mkobani."

"Kima gani asiyekula ndizi?"

Nilimweleza, bila kuondoa macho mtini, kwamba hawa hula majani na matunda mabichi, kwamba tumbo lao lenye vyumba huchachusha majani hayo polepole, na kwamba tunda bivu lenye sukari huwavuruga. Nikamweleza pia kwa nini wale wa mashambani hutafuna mkaa: inaaminika hupunguza makali ya kemikali zilizomo katika majani ya miti ya mikungu na miembe. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama angeweza kumpa mmoja tu, yule mdogo, kwa ajili ya picha. Nilipogeuka kumjibu, dume kubwa lilitoa mlio, kundi zima likapanda juu kabisa, na ile 27 ikapotea. Yeye alipata picha ya matawi. Mimi nilikaa juu ya gogo zaidi ya saa nzima, siafu wakinitafuta miguuni, nikisubiri wanyama wenye majani tumboni wamalize kusinzia.

Wazee waliwaita punju, yaani sumu, wakiamini kwamba mti waliokula hunyauka. Siku kama hiyo, sumu naiona kwingine.

Mchana wote uliobaki siukumbuki kwa saa. Kulikuwa na joto, muhogo uliokauka, hesabu ya pili iliyotoa 33 na ya tatu iliyotoa 35. Jua lilipolegea kundi likaelekea barabarani, nami nikatangulia kusimama kando ya lami na mkono juu, kwa sababu matuta yamepunguza vifo lakini hayakuvimaliza. Daladala moja ikasimama, na utingo akachungulia.

"Mzee, siku hizi umekuwa trafiki wa kima?"

Abiria wakacheka. Nami nilicheka, huku midomo ikiendelea kuhesabu, maana chini, juu ya lami, hakuna jani linalomficha mtu: ndiyo hesabu bora ya siku nzima, na hudumu dakika mbili.

Nyumbani, baada ya magharibi, niliandika 34 na alama ya kuuliza. Jike mmoja mwenye kitoto alisita ukingoni mwa barabara, akarudi msituni, na giza likaingia sijamwona akivuka.