Nilivyotumia vitabu vya uwekezaji vya Kimarekani nikiwa Moshi

Vitabu vingi vya uwekezaji vinavyouzwa Moshi na Arusha viliandikwa kwa ajili ya Mmarekani: mtu mwenye mfuko wa pensheni wenye nafuu ya kodi, soko lenye maelfu ya kampuni, na dalali anayeuza hisa zake kabla chai haijapoa. Ukivisoma kama vilivyo utajua mengi ya New York, na bado hutajua ununue nini Dar es Salaam. Njia iliyonifaa mimi ni kusoma kila sura huku taarifa ya hesabu ya kampuni moja ya DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) ikiwa wazi mezani, na kutia alama pembezoni mwa ukurasa: H ni hesabu, inafanya kazi popote, S ni sheria ya kwao, naruka, N ni namba ambayo lazima niibadilishe kwanza.

Kuhusu ununuzi wa kitabu chenyewe, neno moja tu. Nakala za bei ya chini za barabarani nyingi ni fotokopi. Maandishi yanasomeka ila majedwali yamefifia, na kwenye kitabu cha aina hii jedwali ndilo mali. Kagua majedwali kabla ya kutoa hela. Vile vya "fikra za matajiri" mimi navipita, havina hata mizania moja (jedwali la mali na madeni ya kampuni) ndani.

Nilichokifanyia kazi zaidi ni The Intelligent Investor cha Benjamin Graham, kilichotoka mara ya kwanza 1949. Ni kizito, lakini kinakupa vipimo unavyoweza kupigia hesabu. Viwili vikubwa: bei ya hisa isizidi mara 15 ya wastani wa faida ya miaka mitatu, na isizidi mara 1.5 ya thamani ya kitabu, yaani mtaji wa wanahisa ukigawanywa kwa idadi ya hisa.

Ile 15 niliitia alama ya N. Bei ikiwa mara 15 ya faida, kila shilingi 100 unayoweka inazalisha faida ya 6.67. Kwa Mmarekani si mbaya. Kwetu, hatifungani ya serikali ya miaka 25 (yaani mkopo unaoipa serikali) ilishushwa kuponi, ile riba yake ya mwaka, mwaka 2022 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na hata baada ya kushushwa bado ni karibu mara mbili ya hiyo 6.67. Gawanya 100 kwa 12.56, unapata karibu 8. Hapo ndipo hisa inapolingana na hatifungani. Faida ya kampuni nzuri hukua, kuponi haikui, kwa hiyo mimi nakubali hadi mara 10 kama faida imepanda miaka mitano mfululizo. Zaidi ya hapo naiacha. Kuponi hubadilika, basi tumia ya mnada wa karibuni, usitumie ya kwangu.

Mfano wa kupiga hesabu: faida baada ya kodi bilioni 60, hisa milioni 500. Faida kwa hisa ni shilingi 120. Bei ikiwa 900, ni mara 7.5 ya faida. Gawio likiwa 50, toa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, zinabaki 47.50, sawa na asilimia 5.3 ya bei.

Watu hukosea mahali pale pale. Taarifa za robo mwaka za benki hutoka magazetini, na namba zake huwa katika mamilioni ya shilingi. Soma kichwa cha jedwali. Safu ni mbili, Benki na Kundi. Mwenye hisa anahusika na Kundi, yaani benki pamoja na kampuni zake tanzu. Na ukichukua faida ya miezi sita ukadhani ni ya mwaka, hisa ya bei poa itaonekana ghali maradufu. Kipimo cha Graham cha mali za muda mfupi kuwa mara mbili ya madeni ya muda mfupi usikipeleke benki, kwa sababu amana za wateja ni deni na ndiyo biashara yenyewe. Kwa benki naangalia mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ambayo BoT (Benki Kuu) inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na gharama zikilinganishwa na mapato, zisizidi asilimia 55.

Sura za hatifungani nyingi ni H, na ndizo watu huziruka. Chukua ile ya 15.95 ya zamani, tuseme imebakiza miaka 20, inauzwa soko la upili (mwekezaji kwa mwekezaji) wakati mpya zinalipa 12.56. Kwa kila milioni moja inalipa 79,750 kila miezi sita. Hakuna atakayekuuzia kwa milioni moja. Ukipiga thamani ya sasa (malipo ya baadaye yakipunguzwa kwa riba ya 12.56 hadi leo) ya malipo 40 yaliyobaki pamoja na mtaji, bei ya haki ni karibu 1,246,000. Mwisho wa safari unarudishiwa 1,000,000 tu, kwa hiyo pato lako halisi ni 12.56, siyo 15.95 iliyoandikwa. Dalali akikutajia kuponi peke yake, muulize pato hadi kuiva, yaani hilo pato halisi la mwaka ukiishika hadi mwisho. Utalipa pia riba iliyokwisha kusanyika tangu kuponi ya mwisho. Hiyo si ujanja wa dalali: itakurudia kuponi ijayo ikiingia.

Ukitaka hatifungani mpya kutoka mnada wa Benki Kuu, kiwango cha chini ni milioni moja, na kuanzia hapo unaongeza kwa laki moja moja.

Jambo ambalo vitabu hivi haviligusi kabisa ni ukwasi, yaani wepesi wa kuuza ulichonacho ukapata hela. Hisa kadhaa za DSE zinaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja. Ukizoea vikoba, ambako mwisho wa mzunguko kila mtu anagawiwa chake, hili linashtua: kampuni haikurudishii hela, unasubiri mpaka apatikane mnunuzi. Kabla ya kununua naangalia oda zilizopo pande zote mbili, natoa oda yenye bei ukomo (bei ya juu kabisa nitakayolipa), na nahesabu gharama za karibu asilimia 2 wakati wa kununua na nyingine kama hiyo wakati wa kuuza. Ndiyo maana sura za kununua na kuuza kila wiki nazitia S zote, ingawa si sheria. Ukifuata gawio, kumbuka biashara hukamilika siku tatu za kazi baadaye. Ukinunua siku moja tu kabla daftari la wanahisa wa kupewa gawio halijafungwa, jina lako halimo.