Nilinawa mikono hadi ikachubuka, dirisha nikaliacha limefungwa

Tarehe 11 Machi 2020, siku ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili na nilikuwa najiandaa kwa jaribio la takwimu. Jaribio hilo halikufanyika. Ndani ya siku chache masomo yalisimamishwa, mabweni yakafungwa, nasi pamoja na wanafunzi wengine zaidi ya bilioni moja duniani tukaanza kusomea kwenye simu. Kipindi hicho cha kukaa nyumbani wengi wamekwisha kukisimulia. Mimi nataka kueleza miezi iliyofuata, tuliporudishwa bwenini kwa makundi ilhali maambukizi yalikuwa bado yanaendelea, kwa kuwa ndipo nilipotambua kwamba hofu na tahadhari, ambazo siku zote nilizichukulia kuwa kitu kimoja, zaweza kukaa mbalimbali kabisa ndani ya mtu yuleyule.

Tulikuwa wawili katika chumba chenye dirisha moja. Kila kilichoingia mle ndani nilikipangusa kwa dawa: vitabu, waya wa chaja, kitasa cha mlango, hata soli za viatu. Nilijua vizuri kwamba virusi vya korona vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na kwamba kunawa kwa sekunde 20 kunatosha, lakini nilikuwa nikihesabu hadi 20, nikitilia shaka hesabu yangu, kisha nikianza upya. Ngozi ya vidole ilikauka, ikapasuka kwenye vifundo, na kitakasa mikono kikawa kinawasha kama pilipili. Wakati wote huo dirisha lilikuwa limefungwa, tena kwa amri yangu, maana nilikuwa nimejiaminisha kwamba ugonjwa utatoka nje. Nikilikumbuka jambo hilo huona haya: watu wawili wanavuta hewa moja kwa muda wa saa nane kila usiku, na mmoja wao anahangaika na soli za viatu. Kwa kujitetea kidogo, niseme kwamba maelekezo ya miezi ya mwanzo yalisisitiza sana vitu vinavyoguswa, na wakuu wa afya walikuja kuweka mkazo kwenye hewa ya ndani baadaye. Hata hivyo, sidhani kama maelekezo yangenibadilisha. Kupangusa kulinipa nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Nilikwenda kumwona mshauri nasaha wa chuo baada ya wiki kadhaa za kulala saa tatu au nne tu kwa usiku. Alinipa hojaji fupi ya maswali 7 inayotumika kupima wasiwasi, ambayo kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Nilipata 16 kati ya 21, na kuanzia 15 huhesabiwa kuwa wasiwasi mkali. Alinieleza kwamba alama hizo ni ishara tu na hazitoshi kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa fulani. Kisha akaniuliza jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi: “Mwanangu, siku ambayo hofu imekuzidi unafanya nini, na siku ambayo huna hofu unaacha kufanya nini?” Sikuwa na jibu. Akanitaka nitafute daftari na niandike kila jioni mistari miwili, mmoja kuhusu hisia iliyonitawala siku hiyo na wa pili kuhusu tahadhari nilizochukua na nilizoziacha.

Niliandika kwa wiki tatu, na kilichojitokeza hakikufanana na nilichokitegemea. Nilidhani ningekuta kwamba mimi ni mtu mwenye hofu ambaye kwa sababu hiyo anajikinga mno. Siku za hofu ndivyo ilivyokuwa, ingawa nilijikinga pasipohitajika na kuacha panapohitajika. Siku za huzuni zilinishangaza. Katika siku hizo sikunawa, barakoa niliivaa chini ya pua, na mara mbili nilikwenda maktaba nikiwa nayo mfukoni, kwa kuwa sikuona sababu ya kumlinda mtu ambaye maisha yake yalionekana kusimama. Siku za hasira nilivunja masharti kwa makusudi. Lakini hatari kubwa kuliko zote ilitokana na upweke. Usiku ambao upweke ulinibana, nilikwenda kwenye chumba cha wenzangu, tukawa sita, mlango umefungwa ili msimamizi asitusikie, tukacheza karata na kucheka kwa sauti hadi usiku wa manane bila barakoa hata moja. Kesho yake nilipangusa soli za viatu kwa bidii maradufu.

Muhula huohuo, katika somo la mawasiliano, tulisoma nadharia ambayo mtafiti Kim Witte aliieleza mwaka 1992. Kwa mujibu wake, mtu anapotishwa hupima mambo mawili: ukubwa wa hatari yenyewe, na kama kuna jambo analoweza kulifanya likafaa. Akiona hatari ni kubwa na uwezo anao, hushughulika na hatari. Akiona hatari ni kubwa na uwezo hana, huacha kushughulika na hatari akaanza kushughulika na hofu yake, kwa kukana, kwa kupuuza au kwa kukwepa habari. Niliposoma hivyo nilimfikiria mwenzangu wa chumbani, ambaye alikuwa akisema kila siku kwamba haya ni mafua tu, na ambaye nilikuwa nimekwisha kumhukumu moyoni kuwa hajali. Usiku mmoja nilimuuliza kwa upole kama kweli anaamini anachokisema. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniambia kwamba mama yake ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa korona. “Kaka,” alisema, “nikianza kulifikiria hilo sitalala.” Ilikuwa wazi kwamba mwenye hofu kubwa chumbani hakuwa mimi. Hatukuzungumza zaidi usiku ule, ila asubuhi alilifungua dirisha mwenyewe, nami sikupinga.

Kuanzia hapo nilijaribu kuzitenganisha tahadhari na hisia. Nilichagua mambo manne ambayo ningeyafanya niwe na hofu, huzuni au furaha: barakoa iliyofunika pua kila nilipokuwa ndani na watu wengine, dirisha wazi, kunawa ninapoingia chumbani, kabla ya kula na baada ya kutoka msalani, na kukaa peke yangu na kutoa taarifa nikiona dalili yoyote. Yaliyobaki yote niliyaacha. Kuacha ndiko kulikokuwa kugumu. Usiku wa kwanza ambao sikupangusa viatu nililala nikivitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemfahamu. Usiku wa tano nilikuwa nimevisahau.

Habari nazo nilizipunguza. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya mapema, mnamo Februari 2020, kwamba pamoja na mlipuko wa ugonjwa kulikuwa na mafuriko ya taarifa, za kweli na za uongo, ambayo liliyaita infodemia, na simu yangu ilikuwa ushahidi tosha. Nilijiwekea dakika kumi baada ya chakula cha mchana, sikusoma tena usiku, na makundi ya ujumbe yaliyokuwa yakisambaza sauti za watu wasiojulikana niliyanyamazisha. Mshauri alinipendekezea pia nitenge muda maalumu wa kuwa na wasiwasi, dakika 20 kila jioni, ili fikra zinazonijia wakati mwingine niziahirishe hadi saa hiyo. Njia hii ilinifaa kwa nusu tu, kwa sababu saa ilipofika mara nyingi sikuwa na cha kufikiri, na usiku fikra zilirudi bila kuomba ruhusa.

Kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa kuupatia upweke mahali pake. Watu watatu kati ya wale wacheza karata tulikubaliana kutembea nje kila jioni kwa nusu saa, tukiwa na nafasi kati yetu, upepo ukipita. Mazungumzo yetu yalikuwa ya kawaida tu, kuhusu kazi za darasani na wahadhiri ambao sauti zao zilikatikakatika kwenye intaneti. Usiku wa karata haukunivuta tena kama zamani. Hasira, kwa upande wake, sikuiweza. Niliandika maneno makali kwenye kundi la darasa kumhusu mwenzetu aliyehudhuria sherehe, na ilinibidi nimwombe radhi mbele ya kundi zima.

Katika mwezi wa tatu tangu turudi bwenini nilipoteza uwezo wa kunusa. Kipimo kilionyesha kwamba nina virusi, nikatengwa kwa siku 13, yaani 10 tangu dalili zilipoanza na nyingine 3 zisizo na dalili. Ajabu ni kwamba hofu ilitulia, labda kwa kuwa kile nilichokiogopa kilikuwa kimekwisha kufika. Mahali pake palichukuliwa na hatia, hisia ambayo haikuwamo kwenye daftari langu hata mara moja. Nilihesabu na kuhesabu tena niliokuwa nao katika siku zilizotangulia, hasa kijana yule ambaye mama yake alikuwa muuguzi. Alipimwa akaonekana hana. Siwezi kudai kwamba dirisha ndilo lililomkinga, kwani watu wengi waliokaa na wagonjwa hawakuambukizwa kwa sababu mbalimbali, lakini yeye alikuwa akidai hivyo kwa yeyote aliyemsikiliza.

Niliporudia hojaji ile miezi miwili baadaye nilipata 8. Vidole vilikuwa vimepona, ingawa harufu ya kitakasa, iliporudi puani, ilikuwa bado inanifanya moyo uende mbio.

Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, sote tulikuwa tumehitimu na kutawanyika. Rafiki yangu alinitumia ujumbe wa maneno matatu: “Funga dirisha sasa.” Nilimjibu kwamba nimekwisha kuizoea hewa.