Tiketi za paking: vishina vinahesabiwa na nani?

Mteja anayekuja kuchapisha tiketi za paking karibu kila mara huanza na hologramu. Hajakaa vizuri, hajasema anaingiza magari mangapi kwa siku, tayari ameshauliza: "Dada, ile ya kung'aa mnaweka kwa shilingi ngapi?" Namtajia bei, maana biashara ni biashara. Halafu namuuliza swali ambalo wengi hawalipendi: jioni, vishina, vile vipande vinavyobaki kitabuni tiketi ikichanwa, vinahesabiwa na nani?

Nafanya kazi ya uchapaji hapa Kariakoo. Vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda, lebo za asali, na hizo tiketi. Bandia nimeziona za kutosha, na nasema bila kupepesa macho: nyingi hazitoki kwa jambazi mwenye mitambo kule mbali. Zinatoka kwa anayekaa getini, akisaidiwa na rafiki mwenye mashine ya fotokopi mtaa wa pili.

Alikuja mzee mmoja mwenye uwanja wa kuegesha magari. Uwanja unajaa kuanzia asubuhi, lakini hela inayomfikia ni kama ya siku ya mvua. Alileta bahasha ya tiketi alizookota mwenyewe chini na kwenye pipa la taka. Tukazimwaga mezani. Ukitazama harakaharaka zote ni moja: karatasi ya njano, nembo, namba nyekundu. Nikazigeuza. Sisi namba tunaipiga kwa mashine, chuma kinagonga karatasi, kwa hiyo ukipitisha kidole nyuma unahisi vijinundu. Baadhi ya zile zilikuwa laini mgongoni, hazina hata alama. Nikatazama ukingo: tiketi iliyochanwa kitabuni kwenye vitundu ina meno meno, hizi zilikuwa zimenyooka kwa sababu zilikatwa kwa kisu na rula. Na lililoniacha hoi ni kwamba tatu kati yake zilikuwa na namba ileile. Aliyezitengeneza hakujihangaisha hata kubadilisha namba. Alijua hakuna anayeisoma.

"Mwanangu, basi niwekee hologramu," mzee akasema.

"Mzee wangu, tiketi inapokelewa na kijana wako huyohuyo gari likitoka. Hologramu atamwonyesha nani?"

Akanyamaza, kisha akacheka kile kicheko cha mtu asiyefurahi.

Tulichomtengenezea hakina kung'aa kokote. Tiketi ni ya vipande viwili na kishina. Kishina kinabaki kitabuni na kinaandikwa namba ya gari na saa ya kuingia. Kipande kimoja dereva anaondoka nacho, cha pili anakitumbukiza wakati wa kutoka kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo hakai nao mtu wa getini. Kitabu kipya hakitolewi mpaka cha zamani kirudi na vishina vyake vyote, kwa kusainiana. Jioni kinachotoka sandukuni kinalinganishwa na vishina. Kipande kisicho na kishina chake ni bandia. Na siku yoyote, bila taarifa, mtu wa nyumbani kwa mzee anapita kuhesabu magari yaliyosimama. Hiyo hesabu ya ghafla ndiyo inayowatia watu adabu kuliko wino wowote ninaouza.

Wenzetu wa halmashauri waliupitia mkasa huu kwa ukubwa wake. Soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, za miaka ya nyuma, utakutana mara kwa mara na vitabu vya stakabadhi za mapato ambavyo havikuletwa kwa ukaguzi. Kitabu cha namna hiyo hakihitaji kughushiwa. Kina karatasi halali, namba halali, kila kitu halali isipokuwa mfuko hela inakoingia. Mimi kitabu halali kilichopotea nakiogopa kuliko bandia.

Sasa, ukisisitiza ulinzi wa kwenye karatasi, nitakupa ninaouamini. Wa kwanza ni maandishi yaliyofichwa kwenye mandhari ya nyuma. Tunachapa vitone vya rangi hafifu, vingine vidogo sana, vingine vikubwa kidogo, na vile vikubwa vinapanga neno NAKALA. Kwa jicho yote ni rangi moja tulivu. Ukiiweka kwenye fotokopi, mashine inavipoteza vile vidogo na kuvishika vile vikubwa, neno linajitokeza lenyewe. Si kila mashine inanaswa, kwa hiyo kabla ya kuchapa mzigo mzima nenda na sampuli ukaijaribu kwenye mashine kadhaa za mtaani kwako, maana mwizi wako naye atatumia hizohizo.

Wa pili ni namba. Mfululizo wa kawaida, 1, 2, 3, unamsaidia mhasibu lakini pia unamsaidia anayeghushi, anabuni tu inayofuata. Weka na namba ya pili isiyobuniwa kirahisi, iliyotolewa na kompyuta kwa bahati nasibu na kuhifadhiwa kwenye orodha yako. Wapo wanaoongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni, inayopatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia. Ni ujanja wa Hans Peter Luhn wa IBM, uliopewa hataza Marekani mwaka 1960, na kadi za benki zinautumia mpaka leo. Unakamata kosa la kuandika na mghushi mvivu. Mghushi aliyesoma hesabu haukamati, kanuni yenyewe iko wazi. Ndiyo maana nakazania orodha.

Vibali vya kubandika kwenye kioo ni rahisi zaidi, ajabu watu wanavifanya vigumu. Andika namba ya gari kwa herufi kubwa, basi. Kibali chenye namba ya gari la Hamisi hakimfai shemeji yake Hamisi. Tumia stika ile inayochanika vipandevipande ukijaribu kuibandua, na ibandikwe ndani ya kioo. Rangi ibadilike kila muda wa kibali ukiisha, mlinzi aone akiwa amekaa.

Serikali yenyewe imekuwa ikihama kutoka kwenye kioo. Stika ya leseni ya barabara ya kila mwaka iliondoka kwenye bajeti ya 2017/18, ada ikahamia kwenye mafuta. Bima ya gari sasa inahakikiwa kwenye mfumo. Na paking za barabarani za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, mtu wa ushuru anaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake, deni linakaa kwenye gari, unalipa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Hapo tiketi ya kughushi haina soko. (Namba za gari za kughushi ni habari nyingine, na si kazi yangu, asante Mungu.)

Ila wizi haukufa, ulihamia kwenye malipo. Januari 2022 huko Austin, Texas, zilikutwa stika za kitapeli za QR, ile michoro ya kuskani kwa simu, kwenye mashine 29 za kulipia paking, na mji ule hata haukuwa ukitumia QR kwenye mashine hizo. Dereva anaskani, anaweka taarifa za kadi yake kwenye tovuti ya mwizi, anaondoka akijua amelipa. Kwetu mahali mwizi anapoweza kubandika yake ni juu ya ile stika ya lipa namba ukutani, namba ya kumlipa mfanyabiashara kwa simu. Simu inakuonyesha jina la anayepokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome. Na wenye viwanja, namba yenu ichorwe kwa rangi kwenye bati, herufi kubwa, na chini yake liandikwe jina litakalotokea kwenye simu. Karatasi iliyobandikwa juu ya rangi inaonekana kutoka barabarani.