Jaa hatuioni huku

Mwezi Mei nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha sita, kiti cha plastiki, jua la saa nane, nikisubiri mtoto wa dada yangu aitwe jina. Mgeni rasmi akashika maiki: "Nendeni mkawe nyota ya kaskazini, ile inayong'aa kuliko zote, watu wawafuate!" Makofi. Mama mmoja nyuma yangu akapiga vigelegele. Mimi kicheko kikanitoka, dada akanifinya paja.

Kwanza, haing'ai kuliko zote. Zipo zaidi ya 40 zinazoipita. Pili, na hili ndilo lililonichekesha, katika wale vijana hakuna atakayeiona akiwa hapa Mtwara, hata akeshe juu ya paa mwaka mzima.

Hesabu yake nyepesi. Mhimili wa dunia ukiurefusha upande wa kaskazini, unafika karibu kabisa na nyota hiyo, ndiyo maana nyingine zinazunguka usiku kucha na yenyewe kwa macho yetu haibanduki. Aliyeko ikweta anaikuta kwenye ukingo wa bahari. Akipanda kaskazini digrii moja, nayo inapanda moja. Akishuka kusini, inazama. Sisi tuko digrii 10 na kidogo kusini. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni kama digrii 10. Basi kwetu iko ngumi moja chini ya maji.

Babu mzaa mama alikuwa nahodha, mtu wa Mikindani, akipeleka boriti na nazi Unguja kwa upepo wa kusi. Nyota hiyo aliiita Jaa, na kaskazini yenyewe akaiita jaa vilevile. "Kamata jaa!" ndivyo alivyomwambia mshika sukani. Watoto tulikuwa tunavunjika mbavu, maana nyumbani jaa ni pale tunapomwaga majivu na maganda ya mihogo. Nilipokua nikadhani labda anakusudia nyota ya jaha, ile ya bahati, ambayo shangazi zangu wanasema mimi sikupewa. Kumbe ni neno la mabaharia Waarabu, al-Jah. Watu kama Ahmad ibn Majid, karne ya 15, walipima kimo chake juu ya bahari kwa upana wa vidole ili wajue wamefika wapi. Kadiri walivyoshuka pwani hii vidole vilipungua, mwisho vikaisha. Jina likaendelea na safari, nyota ikabaki nyuma.

Sasa babu alikamataje asichokiona? Unguja kwenyewe ni digrii 6 kusini, na mbali zaidi ya hapo hakuwahi kwenda. Nilimuuliza siku moja anasokota kamba. Hata hakuinua kichwa.

"Mjukuu wangu, mimi naupa mgongo ule msalaba. Jaa inakuja yenyewe."

Alikuwa anasema zile nyota nne za Msalaba wa Kusini. Kusini hakuna nyota angavu iliyokaa mahali pa Jaa. Unachukua urefu wa msalaba, unaushusha mara nne na nusu kuelekea mguuni kwake, hapo ndipo kusini. Ukigeuka umeipata kaskazini.

Jibu lile nimekaa nalo miaka mingi kwa sababu baba yangu sikumjua. Alifariki sijaanza kutambaa, picha yake moja ililiwa na mchwa. Mama hakuwa mtu wa kusimulia. Nikikosea alisema tu, "Baba yako asingefanya hivi," halafu anaendelea kuchambua mchele. Alivyokuwa sikuambiwa, niliambiwa asivyokuwa. Kwa hiyo nimekua kwa kuwapa mgongo watu fulani wa mtaani kwetu, majina nayahifadhi, wengine bado tunasalimiana.

Jioni ile ya mahafali nilimchukua binti yangu wa miaka saba tukaenda ufukweni Shangani. Saa tatu usiku msalaba ulikuwa umesimama wima juu ya mji. Tukaupa mgongo, mbele yetu bahari tupu na kusi likitupuliza visogoni.

"Baba, sasa iko wapi?"

"Ngumi moja chini ya pale maji yanapokutana na mbingu."

Akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaishusha ngumi yake polepole mpaka ikafunika bahari.