Maji Yaliyomwagikia Uani

Mwaka 2017 tulikuwa tukiishi orofa ya kwanza ya nyumba kongwe mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba yenye kuta za mawe ya matumbawe na sakafu ya chokaa iliyolazwa juu ya boriti za mikoko. Sakafu ya namna hiyo haifichi maji. Ukimwaga ndoo moja chumbani, haupiti muda mrefu kabla aliye chini hajaiona dari yake ikitota. Na aliyekuwa akiishi chini yetu ni Bi Mkubwa mmoja mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa sawasawa chini ya ukuta niliokusudia kuegemeza tangi langu la samaki.

Tangi hilo lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50. Nilitaka kufuga mbuna, samaki wa Ziwa Malawi wenye rangi za samawati na manjano, ambao hula sana na kuchafua maji upesi, na kwa sababu hiyo nilihitaji tangi la pili la kukaa kabatini chini ya lile la kwanza, ambalo wafugaji hulijua kwa jina la sampu. Maji hufurika kwenye ukingo wa kisanduku kilichogundishwa ndani ya tangi la juu, hushuka kwa bomba hadi kwenye sampu, hupita katika sponji na vichujio, kisha pampu huyarudisha juu. Muda wote pampu inapofanya kazi, yanayoshuka hulingana na yanayopanda. Shida huanza pampu inaposimama, na katika mji ambao stima hupotea bila kubisha hodi, pampu itasimama tu.

Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa mitambo ya matishari katika bandari ya Kilindini kabla ya kustaafu, alikuja Jumamosi asubuhi kunisaidia kulipandisha. Alilizunguka mara mbili, akayashika mabomba, kisha akakataa.

"Mwanangu, hili halipandi ngazi kabla hatujalijaza hapa uani," alisema. "Likiwa na nia ya kumwaga, na limwage hapa."

Nilinunua mitungi 16 ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, tukamimina yote, nikawasha pampu. Bi Mkubwa alitoa kiti chake mlangoni akakaa kutazama. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa nusu saa, na nilikuwa tayari kusema kwamba kazi imekwisha, ndipo Mjomba aliponyoosha mkono akauchomoa waya wa pampu ukutani bila kuniarifu.

Maji ya tangi la juu yalishuka hadi usawa wa ukingo wa kisanduku yakaacha kufurika, kama nilivyotarajia. Lakini bomba la kurudishia maji, ambalo mdomo wake niliuzamisha sentimita 12 chini ya uso wa maji ili lisionekane, liligeuka likaanza kuyavuta maji kuelekea chini. Sampu ilijaa. Maji yalifika ukingoni, yakavimba kidogo juu ya kioo kana kwamba yanasitasita, kisha yakaporomoka pande zote na kwenda zake katika mfereji wa ua.

Hesabu yake tuliifanya baadaye kwa chaki ukutani, na mpaka leo naona ndiyo hesabu ambayo kila anayeweka sampu anapaswa kuifanya kabla hajanunua bomba la kwanza. Katika tangi la upana na urefu ule, kila sentimita moja ya maji ni lita 5.4. Sentimita 12 ni karibu lita 65. Nafasi tupu katika sampu yangu, nilipoipima, ilikuwa lita 43 na kitu. Zilizobaki, zaidi ya lita 20, ndizo zilizokuwa zikipita mbele ya miguu ya Bi Mkubwa, na laiti tungekuwa juu, zingepita kwenye boriti hadi juu ya vitambaa vya wateja wake.

Nilipendekeza valvu ya kuzuia maji kurudi. Mjomba alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba katika matishari amefungua valvu nyingi za aina hiyo na kukuta kipande cha uzi au chembe ya mchanga imekizuia kifuniko kisifunge, na kwamba ndani ya tangi la samaki, penye konokono na ukungu wa kijani, haitakuwa tofauti. Badala yake tuliukata mdomo wa bomba na kuupandisha hadi sentimita 3 tu chini ya uso wa maji, kisha tukatoboa kitundu kidogo juu yake, pale pale chini ya uso, ili maji yakishuka kidogo tu hewa iingie na kuukata mvuto. Kitundu kinaweza kuziba. Mdomo ulio juu hauzibi, na ndiyo maana tuliweka vyote viwili.

Jaribio la pili lilikuwa kinyume cha lile la kwanza, nami sikuwa nimelifikiria kabisa. Mjomba alisokota kitambaa akaliziba nacho bomba la kushushia maji huku pampu ikiendelea. Chumba cha pampu nilikuwa nimekitenga kwa ukuta wa kioo, nacho kilibeba lita 17 na nusu tu. Pampu iliyavuta karibu yote, maji ya juu yakapanda kama sentimita 3 yakabakisha kidole kimoja kufika ukingoni, kisha pampu ikaanza kunyonya hewa. Bila ukuta ule, pampu ingeipandisha sampu nzima. Namshukuru Mungu kwamba niliuweka, ingawa niliuweka kwa sababu nyingine, ya kuzuia viputo.

Usiku ule tuliliacha uani na gazeti kavu chini yake. Asubuhi palikuwa na duara la unyevu, kubwa kama sarafu ya shilingi kumi, chini ya kiungo cha bomba kilichopenya kioo: nilikuwa nimeuweka mpira wake upande wa nati badala ya upande wa ndani. Tulilitoa maji, tukageuza mpira, tukalala nalo uani usiku wa pili.

Lilipopanda hatimaye, tulilikingamisha juu ya boriti kadhaa badala ya kulilaza juu ya moja, kwa kuwa maji peke yake yalizidi kilo 300. Nyaya zote tuliziacha zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lianguke kabla halijaufikia umeme. Kwenye kioo cha sampu nilibandika utepe mwekundu mahali maji yalipokoma uani tulipozima pampu tena baada ya kuukata mdomo wa bomba.

Wiki ya tatu stima ilipotea usiku wa manane. Niliamshwa na ukimya wa pampu. Nilisikia maji yakishuka, kisha sauti ya kitundu kikivuta hewa, kama mtu anayekunywa uji wa moto, kisha kimya. Niliwasha tochi nikafungua kabati. Maji yalikuwa yamesimama kwenye utepe. Nililipapasa gazeti lililokuwa chini ya sampu kutoka kona hadi kona, nalo lilikuwa kavu.