Norway kwa gari: pita mlimani kwanza, handaki baadaye

Ukitoka Bergen kwenda Lærdal, ukifika Aurland kuna njia mbili. Moja ni handaki la kilomita 24.5, refu kuliko mahandaki yote ya magari duniani, lilifunguliwa mwaka 2000, unaingia huku unatokea kule dakika ishirini hivi. Nyingine ni barabara ya zamani inayopanda mlima, kilomita 47. Ramani ya simu itakupeleka handakini kila mara. Achana nayo.

Nilienda mwezi wa sita kumtembelea dada, yeye na shemeji wapo Bergen miaka mingi sasa, na shem ndo alikuwa dereva. Shem ni mtu wa Bukoba halafu ana gari la umeme, kwahiyo pata picha majigambo ya njiani yalivyokuwa (ingawa kule gari la umeme sio ishu, mwaka 2024 karibu 9 kati ya kila magari mapya 10 yalikuwa ya umeme).

Tukapita Voss, Gudvangen, Flåm hatukukaa maana pamejaa watu wa meli za kitalii, Aurland tukaanza kupanda. Aisee. Barabara ni ya gari moja na kidogo, upande huu mwamba upande ule hamna kitu, ni fjordi tu kule chini, yaani bahari iliyoingia katikati ya milima kwenye mabonde yaliyochimbwa na barafu zamani hizo. Kuna vibao vya bluu vyenye herufi M, hapo ndo pa kupishana. Sisi tukakutana uso kwa uso na zile gari zenye nyumba ndani, kwenye kona, dereva mzee wa watu ametoa macho, shem akapiga rivasi taratibu mpaka tairi la nyuma likakanyaga majani na dada huko nyuma anasali Salamu Maria kwa sauti. Mi nilikuwa siti ya upande wa bondeni, sikuongea.

Juu kidogo kuna sehemu inaitwa Stegastein. Wamejenga jukwaa la mbao na chuma linatoka mlimani mita 30 kwenda hewani, mita 650 juu ya maji, na pale mwisho mbao zinajikunja kwenda chini unabaki na kioo tu mbele yako. Nilikishika kile kioo kwa vidole viwili nikarudi. Choo cha hapo nacho kina kioo kikubwa kinachoangalia bondeni, kwahiyo hata haja unaimalizia hewani, na ni bure.

Kule chini nusu ya watu walikuwa na kaptula, huku kileleni sisi tunapita katikati ya kuta za theluji zilizokatwa wima na mtambo, nyingine zinaizidi gari urefu. Ukigusa sio laini kama unavyodhani, ni ngumu, ina vumbi la barabara, inachuruzika maji pembeni. Kondoo nao wamelala barabarani, honi hawaijali.

Tulivyoshuka Lærdal tukapanda pantoni la Fodnes kuvuka Sognefjord, na hapo shem akaanza. Inaingia nchi kavu zaidi ya kilomita 200, kina kinafika mita 1,300, sijui nini. Nikamwambia shem, sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, hututishi na kina, Ziwa Tanganyika ni mita 1,470, na ziwa lenu kule Bukoba hata mita 90 halifiki. Dada alicheka mpaka tunafika ng'ambo.

Sehemu ya Sogndal mpaka Stryn ni nzuri ila naipita, isipokuwa barafu ya Bøyabreen pale Fjærland unaiona kutoka barabarani inaning'inia ina rangi ya bluu.

Hellesylt ndo unapanda pantoni la kwenda Geiranger, kama saa moja majini, na maporomoko yanashuka kila upande. Juu kule kwenye majabali kuna vishamba vilivyohamwa, kimoja kinaitwa Skageflå, wanasimulia kwamba mtoza kodi akija wenyewe walikuwa wanavuta ngazi juu. Nimewaelewa kabisa. Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni mlima wa Åkerneset, una ufa na vipimo vinauangalia muda wote, maana ukiporomoka majini wimbi litaifuata Hellesylt na Geiranger. Sio stori za kutishana, Tafjord hapo jirani mwaka 1934 mwamba ulianguka kwenye fjordi na wimbi likaua watu 40. Watu wanajua na bado wanaishi, wanauza aiskrimu.

Kutoka Geiranger tukapanda kona 11 za Ørnevegen, tukalala Eidsdal kwenye kibanda cha mbao, saa nne usiku kweupe watoto wanacheza mpira nje, usingizi niliutafuta kwa kujifunika shati usoni. Kesho yake kuzishuka zile kona betri ikawa inaongezeka badala ya kupungua, shem akanionyesha kila asilimia moja iliyopanda.

Kurudi mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umeziba mlima, ndo tukapita handaki. Kila kilomita sita hivi linapanuka linakuwa kama pango lenye taa za bluu, na chini pembeni za njano kama kunakucha, waliweka makusudi ili dereva asisinzie. Dada alisinzia.

Kuhusu hela, pantoni nyingi kule hulipi dirishani, kamera inasoma namba ya gari na bili inamfuata mwenye gari baadaye. Nilikuwa nimesharudi Kigoma shem aliponitumia picha ya ile bili WhatsApp, bila salamu. Nikamjibu kwa emoji ya ngazi.