Buti la kauboi linavyoundwa kwa mkono

Buti la kauboi halina kamba wala zipu. Kinachoshikilia ni mgongo wa mguu, ndiyo maana katika karakana za familia huko Texas kipimo cha hapo huchukuliwa kwa makini kuliko hata urefu. Likibana hapo, mguu hauingii. Likilegea, kisigino hupanda na kushuka mpaka malengelenge yatoke. Buti jipya kuteleza kidogo kisiginoni ni kawaida, soli ikilainika huacha.

Ngozi ya mbele hulowanishwa, ikavutwa kwenye ubao wa kukunjia na kuachwa ikauke kabisa kabla ya kushonwa. Anayeharakisha hapa atapata mikunjo isiyotoka. Mistari ya uzi kwenye shingo, yaani sehemu ya buti inayopanda juu ya kifundo cha mguu, nayo si urembo tu: hushikanisha ngozi ya nje na bitana, shingo ikasimama.

Uhodari wenyewe uko kwenye kiuno cha soli. Chini ya upinde wa mguu huwekwa kipande cha chuma, kisha soli hupigiliwa vijiti vya mbao. Tundu hutobolewa kwanza kwa msharasi, kijiti kinagongwa, na ncha inayotokeza ndani inasuguliwa kwa tupa; ikiachwa, itachoma unyayo. Kwa nini mbao? Hutanuka na kunywea pamoja na ngozi inapolowa na kukauka. Msumari wa chuma hushika kutu, tundu likapanuka, soli ikaachia.

Kisigino ni tabaka za ngozi zilizotiwa gundi na kupigiliwa. Ya chini kabisa mara nyingi ni raba, ili ikilika ibadilishwe peke yake.